Maji ya Chumvi Uani Kwetu

Mwanangu alipojenga nyumba hii ya Zinga, alichimba bwawa la kuogelea uani kabla hata sebule haijapakwa rangi. Moyoni nilisema, bahari ipo hapo kwa kutembea kidogo tu, bwawa la nini. Sikumwambia. Nyumba ni yake na jasho ni lake. Yeye anafanya kazi Dar es Salaam, huja mwisho wa wiki, mara nyingine haji, na sisi wawili, mimi na baba yake, ndio wakazi. Kwa hiyo bwawa lilikuwa lake kwa jina na letu kwa kuopoa majani.

Naandika haya nikijua kuwa sina elimu ya kuyaeleza sawasawa. Niliishia darasa la saba. Ila tangu zamani jambo likinizidi huwa naliandika, maana nikiliona kwenye karatasi napata kujua kama nimemwonea mtu. Na katika jambo hili la bwawa niliogopa sana kumwonea mtu, kwa kuwa mtu mwenyewe ni mume wangu, na hana tena nguvu ya kubishana kama zamani.

Mwaka jana alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, mdomo ukaenda pembeni, maneno yakawa yanatoka yakiburuta. Mdomo ulirudi, maneno yakarudi karibu yote, mkono na mguu vikachelewa. Daktari wa viungo akatuambia kwamba mtu wa hali ile afanyiwe mazoezi ya kutembea ndani ya maji kila asubuhi, maji yafike kifuani, kwa sababu humo mwili unakuwa mwepesi na mguu mgonjwa haupati hofu ya kuanguka. Akasema pia kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida. Mguu ukizoea kulala, kuuamsha baadaye ni kazi ngumu. Basi bwawa nililoliona upuuzi likawa ndiyo dawa, na mimi nikajiona mjinga kwa yale niliyoyasema moyoni.

Lakini hakudumu majini. Baada ya wiki chache macho yakawa mekundu, ngozi ikamwasha kama aliyepakwa upupu, na harufu ya klorini ikamtia kikohozi. Asubuhi moja nilipomletea taulo, akageuzia uso ukutani.

"Leo siingii."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Mnanichovya kwenye dawa ya kufulia kama shuka. Mkimaliza mtanianika."

Nikacheka, yeye hakucheka. Siku iliyofuata hakuingia, na iliyofuata pia. Nikimtazama akitembea kutoka kitandani hadi barazani, naona ule mguu unaburuzwa zaidi kuliko juma lililopita, au labda ni hofu yangu ndiyo iliyokuwa inauona hivyo.

Nikampigia mwanangu. Akaulizia huko mjini, akarudi na jibu: kuna mashine ya chumvi. Unatia chumvi kwenye bwawa, mashine inafanya kazi yake, maji yanakuwa laini, macho hayawashi. "Ila mama," akasema, "nyinyi ndio mnaokaa hapo. Amua wewe, mimi nitafuata."

Angejua alichokuwa ananitwika. Maana baba yake ana historia na chumvi.

Yeye si mtu wa pwani. Ni Mkwere wa Lugoba, alishuka kutafuta kazi akiwa kijana, akaipata kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, nyuma ya mikoko. Huko maji ya bahari yanaingizwa wakati wa bamvua, yanapojaa sana, yanafungiwa kwenye majaruba, yanahamishwa kutoka jaruba hili kwenda lile kadiri jua linavyoyanywa, mpaka kwenye jaruba la mwisho yanaganda na kuwa chumvi. Kazi yake ilikuwa huko kwenye jaruba la mwisho, ambako maji ni mazito kama mchuzi, na reki ya mbao mkononi kutwa nzima. Siku alipoacha, alisema hataingiza tena mguu wake kwenye maji ya chumvi, na kweli hakuingiza. Tumeishi pwani maisha yetu yote ya ndoa sijapata kumwona akiosha hata uso baharini. Hata nilipokuwa namkanda kwa maji ya moto baada ya kuugua, na wenzangu wakaniambia nitie chumvi kidogo kama tunavyofanya siku zote, sikutia.

Kwa hiyo nilipomtajia mashine, nilimtajia kwa mbali.

"Wanasema kuna njia ya chumvi."

"Njia ya nini?"

"Bwawa kutiwa chumvi."

"Mimi na chumvi tumeachana," akasema. "Tena kwa talaka tatu."

Hapo lazima niseme ukweli wa upande wangu, la sivyo karatasi hii haitakuwa ya haki. Mimi chumvi sikuachana nayo. Miaka ile ya mashamba ndiyo ninayoikumbuka kwa raha kuliko yote. Shangazi yangu alikuwa akiwapikia wafanyakazi, na mimi ndiye niliyepeleka chakula. Nilikuwa nikitoka mikokoni na sufuria kichwani, ghafla naona weupe mtupu, vichuguu vya chumvi vimefunikwa makuti, na majaruba yametulia kiasi kwamba mbingu iko juu na iko chini. Wanawake walikuwa wanapanga mstari na vikapu, wanatukanana kwa mafumbo na kucheka. Wanaume walipoitwa kula walitoka majini wakakaa juu ya tuta. Mmoja tu hakutoka. Alikuwa akibaki amesimama ndani ya jaruba, maji yanamfika kwenye ugoko, ananyoosha mkono nimpe sahani, anakula amesimama humo humo huku ananitazama. Nilimwona anaringa. Nilipenda namna anavyoringa. Watoto wetu wote wamekua wakiisikia hadithi hiyo, jinsi baba yao alivyokuwa anakula majini kama korongo ili binti wa watu amwone.

Sasa, mwanangu aliponitajia chumvi, kitu kilinirukaruka kifuani, na nikajiuliza: hii furaha ni ya ngozi ya mume wangu au ni ya kwangu mwenyewe? Nikaona heri nisiamue mpaka niulize watu.

Nilianza kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu kutoka bara, ambaye ana nyumba ya wageni yenye bwawa la aina hiyo.

"Weka mkono," akaniambia.

Nikachutama nikaweka. Maji yalikuwa laini kama yaliyooshewa mchele, na harufu ile kali haipo.

"Naona ni mazuri, mwalimu."

"Ni mazuri. Sasa njoo huku." Akanipeleka kwenye ngazi ya chuma. Ilikuwa imeota kutu kwenye maungio. Akanionyesha bawaba za geti dogo, nazo vilevile, na mawe ya ukingoni yaliyokuwa yanabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. "Wageni wanasifu maji, mimi nasugua kutu."

"Ungeambiwa uchague upya?"

"Ningechagua hii hii. Halafu ningelalamika hivi hivi."

Nilirudi nyumbani nikiwa sijui zaidi ya nilivyokwenda, ila nilimshukuru kwa kutonificha.

Kisha akaja fundi wa mabwawa kutoka mjini, kijana mwenye adabu. Akaamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamkaribisha chai. Nilikuwa nimejiandaa kutomwamini, kwa kuwa ndiye anayeuza. Nikamuuliza lile lililonikaa rohoni.

"Tukiweka chumvi, klorini tunaiaga?"

Akaweka kikombe chini. "Hapana mama, nisikudanganye. Mashine inapitisha umeme kwenye maji ya chumvi, inatoka klorini ile ile."

"Ile ile?"

"Ile ile. Ila inatoka kidogo kidogo mchana kutwa. Nyinyi sasa hivi mnamwaga kwa wingi siku moja, halafu mnakaa."

Ni kweli, tulikuwa tunamwaga kwa kukadiria. Nilinyong'onyea. Nilikuwa nimedhani chumvi inaifukuza klorini, kumbe inaizaa. Fundi akanishauri nijaribu kwanza kupima vizuri, pengine nisihitaji mashine kabisa. Hapo ndipo nilipomwamini, maana alikuwa anajikosesha biashara. Akaniachia vikaratasi vya kupimia. Nikafuata kama alivyosema, nikamwomba mume wangu aingie tena, akaingia kwa ajili yangu. Maji yalikuwa afadhali, lazima niseme hivyo. Kikohozi kilipungua. Lakini macho yalibaki mekundu, na siku ya nne akatoka akijikuna mpaka damu, akasema basi.

Fundi aliporudi nilimuuliza mengine. Umeme ukikatika? Mashine inalala, akasema, na pampu inalala pia, hata sasa. Ukali wa chumvi? Haufiki hata sehemu ya kumi ya bahari. Nikamwambia basi sisi hatuna shida, chumvi iko hapa karibu, nitaagiza magunia kutoka mashambani kwa watu ninaowajua. Akatikisa kichwa. Chumvi ya shamba ina matope na vitu vingine, itachafua vibati vya mashine na kutia madoa kwenye vigae. Nilikasirika kidogo. Watu wa Bagamoyo tununue chumvi ya dukani, yenye mfuko uliochapwa picha? Alipoondoka nikatia kiganja cha chumvi yetu kwenye glasi ya maji, nikaiacha ikayeyuka. Chini pakabaki tope la kijivu. Nikaosha glasi.

Likabaki la mume wangu. Mwanangu akanipa njia yake kwenye simu.

"Mama, mwekee tu. Si umesema ni kidogo? Hatajua."

"Baba yako hatajua chumvi?"

"Basi akijua atakuwa tayari amekwisha kuzoea."

Sikumlaumu. Alikuwa anataka baba yake atembee, na mimi nilitaka hivyo hivyo. Nilikaa na wazo lile siku nzima, na kusema kweli lilinishawishi. Lakini kila nilipomfikiria akishuka ngazi za bwawa, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwangu, akiamini maji ni yale ninayomwambia, nilishindwa. Mtu ambaye nusu ya mwili wake haisikii vizuri, ukimdanganya kwenye ile nusu inayosikia, umemwachia nini?

Asubuhi baada ya chai nikaweka mabeseni mawili mbele ya kiti chake barazani.

"Hili la buluu ni maji ya bwawa kama yalivyo," nikamwambia. "Hili jekundu ni maji safi, nimetia chumvi kiasi alichosema fundi. Sikufichi."

"Unanipa mtihani."

"Nakupa nafasi ya kukataa."

Akayatazama mabeseni kama mtu anayetazama samaki wa mchuuzi asiyemwamini. Akatia mguu wa kulia, ule mzima, kwenye la buluu, akautoa upesi. Akautia kwenye jekundu. Akauacha. Halafu akainama taratibu, akachovya kidole, akakiweka kwenye ncha ya ulimi na kufumba macho. Ndivyo walivyokuwa wakipima maji huko mashambani kabla ya kuyahamisha, na sikuwa nimemwona akifanya hivyo tangu tukiwa vijana.

"Hii si chumvi," akasema. "Haya ni maji yaliyopita karibu na chumvi, yakasalimiana nayo, yakaenda zake."

Nikacheka kwa kuwa nilipata ahueni. Yeye alikuwa anautazama mguu wake ndani ya beseni.

"Unajua kwa nini nilikuwa nakula nimesimama majini?"

"Ulikuwa unaringa."

"Kuringa. Mimi mgeni, natoka Lugoba, sina hata baiskeli, nikuringie wewe?"

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Alieleza kwa vituo. Maneno marefu bado yanamchosha. "Miguu ilikuwa imepasuka. Magaga mpaka nyama inaonekana. Ndani ya maji inauma kawaida, unazoea. Ukitoka, chumvi inakauka kwenye nyufa, inavuta kama unashonwa bila ganzi. Wenzangu walikaa juu ya tuta hivyo hivyo, hawakujali. Mimi nikasema, huyu binti akiiona miguu hii, kesho atamtuma mwingine alete sahani."

Hadithi ile nimeisimulia harusini, nimeisimulia kwa wajukuu, na kila mara yeye alikuwa amekaa pale pale, anacheka pamoja na watu. Nikamuuliza kwa nini hakunisahihisha.

"Ulikuwa unaisimulia vizuri."

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta kitambaa. Nilimwona tena yule kijana kwenye weupe ule, mkono umenyooshwa, na safari hii nikatazama chini, mahali ambapo sikuwahi kutazama. Mbingu iliyokuwa ndani ya maji ndiyo iliyoificha miguu. Sikujua kama nimenyang'anywa kumbukumbu yangu nzuri au nimeongezewa. Hata leo sijui.

Nilirudi na uamuzi. "Yamekwisha," nikamwambia. "Chumvi hapana. Nitamwambia mwanao atafute kitu kingine."

"Nani kasema hapana?"

"Si wewe umenieleza miguu ilivyokuwa?"

"Nimekueleza ya zamani. Ya leo hujaniuliza."

Nikakaa kwenye mkeka, karibu na mabeseni. "Haya. Ya leo je?"

"Ya leo weka."

"Na talaka zako tatu?"

"Chumvi hii imeshaolewa na fundi kwanza, ikaachika. Inarudiwa." Akacheka mwenyewe, mdomo ukienda pembeni kidogo kama unavyofanya sasa akicheka sana. Kisha akasema, "Ila mimi ndiye nitakayeimwaga."

"Kwa mkono mmoja?"

"Miaka yote ile nilikuwa naitoa chumvi majini. Sijapata kuirudisha hata kijiko."

Fundi alikuja na kigari cha kirikuu kimebeba mashine na magunia yenye picha. Alipomaliza kufunga mabomba, tukamweka mzee kwenye kiti cha plastiki ukingoni, gunia limefunguliwa kando yake, bakuli la jikoni mkononi. Akachota, akamwaga. Akachota, akamwaga. Chumvi ilikuwa inashuka kama moshi mweupe ndani ya maji, inatawanyika, inapotea. Kwa haki niseme kwamba alimwaga gunia la kwanza tu, nalo hakulimaliza. Mkono ulichoka, na mengine aliyamwaga fundi, akayasukuma kwa brashi ndefu mpaka yakayeyuka yote. Lakini mzee alibaki pale kiti chake kikiwa juani, hakutaka kuhamishwa kivulini, mpaka fundi alipokunja nyaya zake.

Fundi akatuambia tusubiri hadi kesho yake. Usiku ule sikuwa na amani. Niliwaza kutu, niliwaza kwamba nimempa mume wangu kitu alichokikimbia, na kwamba huenda amekubali kwa kunihurumia tu, kwa kuwa ameona nilivyokuwa nang'ang'ania. Hilo la mwisho siwezi kulikanusha hata sasa. Yeye ni mtu wa namna hiyo, si unaona alivyoniachia hadithi yangu.

Asubuhi akashuka ngazi. Akasimama kwenye maji ya kifuani, akangoja, nami nikangoja juu, nimeshika taulo kama mtu anayesubiri matokeo hospitalini. Akajipangusa uso kwa maji yale. Akapepesa macho.

"Vipi?" nikauliza.

"Usinikatize."

Akaanza kutembea akiwa ameshika ukingo. Alifika mwisho, akageuka, akarudi. Kesho yake akaenda zaidi. Siandiki kwamba amepona, maana hajapona. Siandiki kwamba macho hayawi mekundu, kwa kuwa kuna siku yanakuwa, na fundi anasema tupunguze mashine, na tukipunguza yanatulia. Kwenye skrubu ya ngazi nimekwisha kuona alama ya rangi ya chai, ninaifuta kila wiki kwa kitambaa chenye mafuta na simwambii mwalimu. Lakini anaingia. Kila asubuhi anaingia, bila kuitwa.

Juzi aliniambia nimechosha macho yake kwa kusimama juu yake na taulo kama askari jela.

"Ingia na wewe."

"Mimi sina nguo ya kuogelea."

"Hilo dera ni la nini?"

Nikaangalia getini kama kuna mtu, nikashuka ngazi na dera langu. Likajaa hewa, likapanda kunizunguka kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, na yeye akacheka mpaka nikaogopa atakunywa maji. Nililibana kwa mikono, nikafika alipo. Akauachia ukingo.

"Usinishike," akasema. Kisha, "Nishike kidogo tu."

Nikamshika kiwiko. Tukaanza kwenda kuelekea upande wa pili, yeye mbele kwa nusu hatua, mguu wa kushoto ukichelewa, lakini ukija.